Unga wa Misuli na Mbio Ndefu

Nakumbuka asubuhi ambayo mjomba wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe pale Garissa, alinishika mapaja kama anavyomshika fahali anayetaka kumnunua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakimbia mita elfu kumi, na mbio za kuchagua timu ya mkoa zilikuwa zimekaribia. Waliochaguliwa wangekwenda Nairobi, ambako kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa kikitafuta wakimbiaji wa kuajiri. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuitamani.

Binamu yangu, mnyanyua vyuma, alikuwa ameniletea kopo la kriatini, unga mweupe usio na harufu. Yeye ulimfaa, sikatai. Mimi nikawa naukoroga kwenye maziwa ya ngamia kila asubuhi, na baada ya wiki chache nikaanza kujaa. Kwetu mtu akiongezeka mwili husifiwa, maana ukame tumeuona, na mnyama aliyekonda tunajua anakoelekea. Majirani wa mtaa wetu wa Waberi wakanipongeza kama bwana harusi.

"Mashallah, abti! Zamani ulikuwa fimbo ya kuchungia, sasa umekuwa mtu," akasema mjomba. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, abti kwa abti.

"Lakini nasikia miguu mizito, abti."

"Uzito ni nguvu! Umewahi kuona mtu akigombania ng'ombe mwembamba?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ambaye hakucheka ni mwalimu wetu wa michezo, mtu wa Kitui, aliponiona uwanjani jioni ile.

"Waryaa, wewe kijana, unanenepeshwa uchinjwe? Unga huo ni wa anayenyanyua chuma au anayekimbia mita mia. Unavuta maji yakae kwenye misuli. Wewe una mizunguko ishirini na tano, na maji hayo utayabeba yote. Acha leo!"

Sikuacha. Mwalimu alikuwa mgeni, na mjomba ndiye aliyenilea.

Siku ya mbio nilichomoka mbele ya wote, na mjomba akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kufika katikati, vijana wa Wajir na Mandera, wembamba kama nilivyokuwa mimi, wakanipita mmoja baada ya mwingine. Nilimaliza wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliopanda gari.

"Mungu hakupanga, abti," mjomba akaniambia.

Moyoni nilisema Mungu hakunikorogea unga.

Tangu hapo nimeendesha malori, nimeuza simu Isiolo, nimelinda ghala Moyale, na hakuna mji ulionishika. Mmoja wa wale watatu bado namwona akija likizo na sare yake. Namsalimu, kisha nageuza uso.

Mwanangu, sikuambii unga ule ni sumu. Jua kwanza mchezo wako unataka nini. Muulize daktari, na usijaribu kitu kipya mashindano yakiwa mlangoni. Mwili wako ukikuambia ni mzito, usiukanushe kwa sababu watu wanaupigia makofi. Mtu anaweza kukupenda kwa dhati na asijue lolote kuhusu kazi yako.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu na miguu myepesi, na akukinge na sifa za wanaokupenda. Amin.