Wazee Walioandikwa Mwisho

Usiku ule Yeshimebet hakulala. Alikuwa akiwasubiri wazee watatu aliowatuma kumposea mwanawe, Mesfin. Msichana aliyetakiwa alikuwa Hirut, binti wa fundi cherehani. Kwenye ukuta wa jiko, orodha yake ya chaki ilikuwa imekatwa mistari yote: kusaga pilipili, kutengeneza pombe ya tela, kununua kondoo, na mwisho kabisa, kutuma wazee.

Mwenyewe alitaka kuanza na wazee. Aliyemkataza ni Wagaye, jirani aliyekunywa naye kahawa kila asubuhi.

"Wazee waweke mwisho, shoga. Ukikubaliwa leo na tela haijachachuka, wakwe utawapa nini? Maji ya bomba?"

Walicheka, Yeshimebet akafuta na kuandika upya.

Kaka yake Tadesse ndiye aliyewaongoza wazee. Aliingia akiwa amevua kofia.

"Tulisimama kama ada, tukakataa kuketi mpaka tujibiwe. Tumejibiwa upesi mno, dada. Baba mtu alishatoa neno wiki iliyopita."

"Kwa nani?"

"Kwa mtoto wa Wagaye."

Yeshimebet alijitupia shuka begani, akavuka uani. Kwa Wagaye taa ilikuwa inawaka na watu wanaongea.

"Wagaye! Fungua uniambie ana kwa ana!"

Sauti zikakatika. Akagonga tena, kwa kiganja kizima. Ndani mtu alizima taa, kisha komeo likasukumwa taratibu, likafunga.