Vibarua Wasiosikia

Ofisini wanamwita Mama Dirisha. Wenzake huandika programu kwenye faili na kuihifadhi. Yeye hufungua kidirisha cheusi cha kompyuta, akaandika amri moja, akajibiwa, akaandika nyingine. Nimepita ofisi nyingi kama hiyo, zenye lugha tofauti za kompyuta, na kila mahali pana mmoja kama yeye: ana haraka, na mara nyingi ndiye mwenye jibu.

Mchana huo mto ulikuwa unapanda. Kazi yake ni kukadiria mafuriko, na mhandisi wa bwawa alisimama nyuma ya kiti chake, mabuti yakichuruzika matope. Akifungua milango ya bwawa sasa, maji yatavamia mtaa wa chini, ambako watu bado wamo. Akingoja jioni, huenda ukingo ukapasuka.

"Dada, nifungue au nisubiri?"

"Nakuja, kaka. Usinipumulie shingoni."

Hesabu ilikuwa nzito. Kompyuta ikiifanya hatua moja baada ya nyingine, ingeisha kesho, kwa hiyo aliigawa kwa vibarua, yaani programu ndogo zinazofanya kazi kwa pamoja. Aliandika kanuni ya kina cha maji palepale dirishani, akaijaribu kwa kituo kimoja. Ikajibu vizuri. Akaita vibarua.

Skrini ikajaa mistari myekundu. Kila kibarua alilalamika vilevile: kanuni hiyo haijulikani.

"Haijulikani vipi, na nimeiandika sasa hivi?"

Akaiandika upya. Wekundu. Vibarua walikufa, wengine wakazaliwa, nao wakafa. Mhandisi akatazama saa ya ukutani.

Simu ikaita. Wifi yake, wa mtaa wa chini.

"Wifi, tunahama au hatuhami?"

"Si nilisema jana mjiandae?"

"Ulimwambia mumeo, mezani kwenu. Sisi tusiokuwepo tungesikia kwa pua?"

Mama Dirisha aliigeukia skrini. "Ngoja hapo hapo," akasema, akaiweka simu mezani bila kuikata.

"Vibarua wanazaliwa watupu," alimwambia mhandisi, vidole vikikimbia. "Ninachosema dirishani nakisikia mimi na dirisha. Kibarua anasoma faili tu."

Akaihamishia kanuni kwenye faili, akaihifadhi, akarudi dirishani kuiita kwa jina la faili lile. Vibarua wakaingia kazini bila lalamiko. Hakuna wekundu. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma, namba zikashuka kituo baada ya kituo, naye akazisoma moja moja.

"Ukingo haufiki jioni. Fungua."

"Na mtaa?"

"Piga king'ora kwanza, kisha ufungue kidogo kidogo."

Mhandisi alikuwa tayari mlangoni, redio mdomoni. Yeye akainyakua simu.

"Wifi, tokeni sasa hivi. Pandeni juu."

"Na magodoro?"

"Wifi, toka!"

Simuni ukasikika mlango ukibamizwa, kisha pumzi za mtu anayekimbia amebeba mtoto.