Kulikoni na Uzito wa Pili

Kazini walimwita Kulikoni, na jina likamganda hadi mama yake mzazi akalichukua. Alikuwa mwandishi wa programu, mwanamke wa makamo asiyepitwa na jambo bila kulihoji. Lifti ikikwama, wenzake walipanda ngazi wakinung'unika. Yeye alibaki amechutama, akichungulia kwenye ufa wa mlango ajue imekwama na nini.

Ofisi ilipoleta msaidizi wa akili bandia, anayeandika programu kwa kuagizwa tu, alimpokea kama mpangaji mpya: kwa upole, lakini macho kodo.

Asubuhi hiyo msaidizi alikuwa ameifanyia marekebisho programu ya wodi ya watoto. Muuguzi akijaza uzito wa mtoto, programu inampa kipimo cha dawa. Majaribio yote yalikuwa yamepita, na wodi ingeanza kuitumia mchana.

"Idhinisha basi, tukale," alisema mkuu wa kitengo, amesimama mlangoni, funguo zikimchezea mkononi.

"Subiri, bosi. Kulikuwa na nafasi mbili za kujaza uzito. Naona moja."

"Si ilikuwa ya ziada? Wewe njaa huisikii?"

Kulikoni alimwandikia msaidizi: mbona umeiondoa? Jibu likaja limenyooka, lenye adabu: nafasi ya pili ilirudia ya kwanza. Lilisomeka vizuri mno, na hilo ndilo lililomkereketa. Yawezekana msaidizi alijua, yawezekana alibahatisha. Sauti ilikuwa ileile. Akauliza kwa njia nyingine: nitajie mafaili uliyofungua na ambayo hukufungua, kisha useme lipi umelisoma na lipi umelikisia.

Jibu la pili likatokea kwenye kiwambo.

"Nimesoma faili la fomu na la majaribio. Faili la hesabu sikulifungua. Kwamba uzito wa pili ni marudio, nimekisia, kwa kuwa majina yanafanana."

"Kumbe," alinong'ona Kulikoni, akitabasamu kama aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. Akampigia simu mdogo wake, muuguzi wa wodi ileile.

"Hivi mtoto mmoja mnampima mara mbili kwa nini?"

"Dada, umewahi kumweka kwenye mizani mtoto anayerusha mateke? Tunampima akiwa amebebwa na mama, halafu mama peke yake. Kompyuta yenu inatoa wa mama, unabaki wa mtoto. Leo umetukumbuka, kulikoni?"

"Usinichokoze."

Akafungua faili la hesabu. Kule kutoa kulikuwa mle, mstari mmoja mfupi. Bila uzito wa pili, mtoto mbishi angepimiwa dawa ya watu wawili. Majaribio hayakuona kitu, maana watoto wote wa kubuni wa majaribio walikuwa watulivu, wa kupimwa mara moja. Aliyewaandika watulivu hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Akairudisha nafasi. Akaongeza mtoto wa majaribio, akamwita Mateke. Kisha akampa msaidizi agizo la kudumu: kila badiliko lije na yaliyosomwa upande huu, yaliyokisiwa upande ule.

Mkuu alikuwa amesogea hadi nyuma ya kiti chake, amesoma yote. Funguo zilikuwa zimenyamaza.

"Na ile programu ya maabara, tuliyoipitisha wiki jana," alisema taratibu. "Ulimuuliza msaidizi?"

"Sikumuuliza."

Mkuu akavuta kiti, akaketi.

"Haya, muulize. Chakula hakikimbii."