Chupa ya Kahawa kwenye Hitma

Ngumi ya kwanza ilinikuta mlangoni, mfuko wa mikate bado mkononi. Aliyenipiga alikuwa rafiki yangu, kijana wa Mombasa aliyelala kitanda cha juu yangu katika chumba chetu cha International City, huku Uarabuni tulikokuja kutafuta kazi. Mama yake alikuwa amefariki wiki ile, na kafeel wake, tajiri aliyemdhamini visa, alikataa kumpa pasipoti aende akazike. Ijumaa hiyo wenzetu walikusanyika baada ya Alasiri kumsomea marehemu hitma. Mimi ni Mkristo, lakini nilitoka kazini mbio niwahi kuhudumia wageni.

"Pombe!" alininong'onezea huku ameuma meno. "Umeleta pombe kwa hitma ya mamangu!"

Nilipoliona birika mkekani na kusikia harufu yake ndipo nikaelewa. Hotelini nilikofanya kazi, dada mmoja wa Mexico aliyehudumu baa alikuwa akitengeneza pombe yake mwenyewe ya kahawa. Alianza kama bibi yake alivyopika: kahawa kwenye chungu cha udongo, mdalasini, karafuu, na sukari nyeusi ambayo kwetu ungeiita sukari guru. Ikishapoa aliitia kileo kikali, akaiacha ilale wiki kadhaa. Kwa kuwa nimezaliwa kwenye mibuni ya Kilimanjaro, alinipa chupa nionje nimpe ukweli wangu. Ukweli ni kwamba ilikuwa tamu kupita kiasi. Nikaizungushia aproni, nikaisukuma uvunguni mwa kitanda changu mpaka ukutani.

Sasa, chumbani kwetu kahawa, majani ya chai na sukari havikuwa na mwenyewe. Mzee wa Kizanzibari, mkubwa wetu pale, alifagia uvungu ili atandike mikeka, akaikuta. Akafungua; pombe hajawahi kuijua, akanusa karafuu na mdalasini tu. Akafurahi, maskini, akidhani ni mchango wangu wa msiba. Wasomaji walikuwa wengi na kahawa haitoshi, basi akaipasha moto yote na kuwapitishia waliomaliza juzuu zao huku wakiwasubiri wengine, dua bado haijasomwa. Mmoja aliyewahi kuwa mlevi kabla ya kutubu ndiye aliyeitambua. Wenzake walikuwa wanaisifu.

Mimi si mtu wa kugeuza shavu la pili. Nilimrudishia, ikampata juu ya jicho, ngozi ikachanika. Akanikaba koo, akanibamiza kwenye chuma cha kitanda. Nikamtia goti tumboni. Nilikuwa na hasira hata macho hayaoni: nimekimbia juani kumnunulia mikate, ananipiga kama mwizi!

Na yote hayo kimya kimya. Ukuta wa pale ni jina tu, na jirani angeita polisi wangekuta birika linanuka pombe, visa za chumba kizima zingekwenda. Kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Zilisikika ngumi na pumzi tu. Birika lilipigwa teke, kahawa ya moto ikanimwagikia mkono, nikauma shati langu nisilie. Mzee aliingia katikati kutuamua, kiwiko changu kikampasua mdomo, naye akaguna tu.

"Khalas, basi, wanangu! Nimeimimina mimi!" alisema kwa sauti ya chini, damu ikimtiririka kidevuni.

Rafiki yangu hakumsikia. Alinikalia kifuani, akaniinamia sikioni.

"Sikumzika, bro. Hitma hii tu ndio nilikuwa nayo ya kumpa. Hii tu!"

Hasira ikanitoka. Nikashusha mikono. Akaendelea kunipiga, na safari hii sikukinga. Jino likang'oka, nikalitema kwenye mkeka. Alipiga mpaka mikono ikamlegea, akaanguka pembeni yangu akihema.

Mzee alijifuta mdomo kwa kanzu. "Aliyekunywa bila ya kujua hana dhambi," aliwaambia wageni. "Sukutueni. Tunaanza upya."

Wakaikunja mikeka, wakatandika shuka safi, wakasoma tena tangu mwanzo. Nilikaa karibu na mlango na taulo mdomoni. Wangenifukuza ningetoka, ila hakuna aliyenitazama. Ikafika dua. Mzee aliomba, wote wakaitikia, isipokuwa rafiki yangu aliyefiwa. Midomo yake ilitikisika, sauti haikutoka. Kila dua ilipofika mwisho alijaribu tena, akashindwa.

Nikaondoa taulo. "Amina," nikaitikia kwa ajili yake, damu ikinijaa kinywani, mpaka dua ikaisha.