Kifua Tusichokitaja

Kwetu Mji wa Kale hakuna aliyewahi kufa kwa kifua. Muulize mamangu. Babake aliuawa na husuda ya majirani. Kakake mkubwa, baridi ya feni. Yule wa pili, aliyekuwa akikaa kitako kila ngazi ya tatu ili avute pumzi, ati alilemewa na unene. Mtu mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko fagio!

Sababu naijua. Posa ikija, upande wa mume hupeleleza ukoo: kuna wazimu? Kuna kifafa? Kuna kifua? Basi kifua kwetu kikafichwa kuliko dhahabu.

Mwaka huu pumzi ikaanza kunikata mimi, nisiyejua hata sigara inashikwa vipi. Tukaenda kliniki kule Mbaraki, mimi, mama na binti yangu, ambaye ameposwa, na wakweze walikuwa waje Ijumaa kupokea jibu. Mlangoni mama akanionya, "Wewe kohoa tu. Maneno niachie mimi."

Daktari, kijana wa bara mwenye adabu zake, akauliza kama kwetu kuna maradhi ya mapafu.

"Aka! Kwetu?" mama akaruka, na kifua chake mwenyewe kikipiga mluzi. Daktari akamtazama. Mimi nikatazama dari.

"Nauliza, mama, kwa sababu kuna familia ambazo watu wake huzaliwa na udhaifu wa mapafu. Moshi na vumbi huja kumalizia tu. Kama ndivyo, huyu binti apimwe sasa, kabla hajaugua. Kama sivyo, sina haja ya kumsumbua."

Mama akamgeukia mjukuu wake, akamweka sawa mtandio.

"Andika," akasema mwishowe. "Baba. Kaka zangu wawili. Shangazi, yule tuliyesema ni presha. Na mimi, tangu nina miaka thelathini."

Tangu thelathini! Nilitaka kumgombeza, badala yake nikamshika mkono. Miaka yote hiyo alikuwa akihema peke yake jikoni, akitoka anatabasamu.

"Na Ijumaa je, Bibi?" binti yangu akauliza taratibu. "Wakisikia?"

"Na wasikie. Huyo mchumba akitaka kukimbia, akimbie, yeye ana pumzi. Daktari, mpime mtoto."