Aya Nne za Salamu

Boke alikuwa amechoka kubishana na Precious. Kila Jumapili mtoto huyo wa kaka yake humpigia simu kutoka Mugumu na wimbo uleule: "Shangazi, watu wanafungua blogu yako, wanakaa sekunde kumi, wanaondoka. Jambo lenyewe liweke juu!"

"Yaani niingie mji wa mtu nianze kutaja vifo kabla ya salamu? Mimi nimelelewa."

Miaka thelathini na moja alitibu ng'ombe wa kijiji cha Nyambureti. Amestaafu na bado wanamwita daktari. Hakuna boma alikofungua mkoba kabla ya kuuliza habari za watoto, za mvua, za wagonjwa. Na ndivyo alivyoandika: aya nne za kujuliana hali, ya tano ndiyo habari. Magoti yanauma, macho yanawasha kwa mwanga wa simu, na bado anasalimia tu. Ukaidi gani huo!

Jumanne, mvua iliporudi baada ya ukame, aliandika kuhusu mtama. Mashina yaliyovunwa huchipua upya, na machipukizi hayo yana sumu. Akatuma kwenye kundi la wafugaji, akalala hoi.

Alhamisi asubuhi jirani yake Nchagwa akaja mbio. Boke alibeba mkoba, akajikokota hadi shambani. Maksai wawili, wale wa kulimia, walikuwa wamelala ubavu kwenye mtama, povu mdomoni. Walishakufa.

"Nchagwa, kwani hukusoma nilichoandika?"

"Nilisoma, daktari. Umeniuliza habari za nyumbani, nikaona kwangu wote wazima. Nikafunga simu, nikaenda kuchunga."

Boke alitoa simu yake. Angemlaumu kwa lipi? Akakaa palepale kwenye tuta, akafuta aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Juu kabisa akaandika: Toeni ng'ombe kwenye mtama uliochipua, sasa hivi, wanakufa. Chini yake dalili, halafu la kufanya, mistari mifupi mifupi. Kwake ilisomeka kama matusi. Akaituma hivyohivyo.

Simu ya Nchagwa ikalia mfukoni. Akasoma amesimama, midomo ikicheza, mpaka neno la mwisho. Kisha akawatazama maksai wake.

"Sasa hii, daktari," alisema taratibu, "si ungeniandikia Jumanne."