Pampu Ilivyolia Nyumbani kwa Sikio

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye karatasi za serikali tu. Mtaani, madukani na hata kwa wakwe zake, mtu yule aliitwa Sikio. Alikuwa fundi wa mashine za nyumbani: za kufulia, za kuoshea vyombo, majokofu, feni. Kazi alifundishwa na marehemu mjomba wake, na mjomba hakumwanzisha na nyaya wala nati. Alimpa bisibisi ndefu, akamwambia aweke ncha yake kwenye mashine inayozunguka na mpini wake nyuma ya sikio, kisha aeleze anachosikia. "Mashine haifi ghafla," mjomba alikuwa akisema. "Hulalamika kwanza. Watu ndio hawasikii."

Basi akajifunza kusikia. Beringi iliyoanza kukauka ilikuwa na mluzi mwembamba. Mkanda uliolegea ulipigapiga kama ndara za mtu mvivu. Kipande cha glasi kilichonasa ndani ya pampu kilikuwa na mtatariko wake. Wateja walimpigia simu, wakaielekeza kwenye mashine, naye akiwa dukani kwake chini ya ngazi za jengo, kikombe cha chai mkononi, alisema, "Zima. Nakuja na beringi." Watu walitania kwamba huyu ukimsengenya mtaa wa tatu, anageuka.

Mkewe alikuwa mfua mashuka hospitalini. Sabuni kali zilikuwa zimemla vidole hadi vikapasuka, na akirudi jioni hakuweza kugusa maji ya vyombo bila kuuma meno. Ndiyo maana Sikio alipoipata mashine ya kuoshea vyombo iliyotupwa na wenyewe, aliifungua yote, akaisafisha, akabadilisha mipira, akaiweka jikoni kwake pembeni ya sinki. Siku ile mkewe alikaa juu ya kigoda akaitazama ikifanya kazi mpaka mwisho. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe ulikuwa unaiona mikono yangu."

Masikio yalianza kumwacha fundi taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi. Ikafuata kengele ya mlango. Halafu herufi zikaanza kudondoka kwenye maneno ya watu. Mteja mmoja alimwambia feni imekufa, naye akamuuliza ni peni ya rangi gani. Mteja alicheka sana. Sikio alicheka pia, akaenda nyuma ya duka akakaa peke yake.

Alijiambia ni nta. Akaenda kutolewa nta, ikatoka kidogo, na hali ikabaki vilevile. Akapiga kimya. Fundi anayeitwa Sikio amwambie nani kwamba hasikii? Akawa anatazama midomo. Akawa anawaomba wateja waandike ujumbe badala ya kupiga simu. Mashine alizokuwa akizitambua kwa pumzi moja sasa alizifungua kwa kubahatisha, na mara mbili tatu alibadilisha kifaa kizima akarudisha kibovu. Kwa kila asilolisikia alikuwa na jibu moja linalotosha karibu kila mahali. "Sawa tu," alisema, huku akitikisa kichwa.

Nyumbani jibu hilo lilileta madhara. Mkewe alizoea kuongea akiwa ameipa meza mgongo, anapanga sahani ndani ya mashine. Habari za kazini, za ndugu, za bei ya mafuta, zote alizimwaga pale, na kwa miaka mingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Sasa alikuwa akiongea, ananyamaza kungoja, na nyuma yake mtu anatafuna. Akigeuka, anaambiwa sawa tu. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, na watu wawili waliobaki wakawa kama wapangaji waliokutanishwa na kodi. Mke aliamini amechokwa. Akaanza kupunguza maneno, leo moja, kesho mawili.

Ndipo pampu ikaanza kulia.

Ile pampu ya kuzungusha maji ndiyo moyo wa mashine ya kuoshea vyombo. Huyavuta maji yaliyo chini, huyasukuma hadi kwenye mikono inayozunguka na kuvirushia vyombo, na yakianguka huyavuta tena. Beringi yake ikichakaa, hulia. Hii ilianza kwa mluzi, mluzi ukawa mlio, mlio ukawa kilio. Mkewe Sikio aliusikia tangu mwanzo, akangoja. Mtu anayetambua beringi kwenye simu, aliwaza, hawezi kukosa kuisikia iliyo hatua chache kutoka kwenye sahani yake. Kila jioni alibonyeza kitufe, akamtazama mumewe. Kila jioni mumewe alikula kwa utulivu.

Vyombo vikaanza kutoka na makombo, glasi zikiwa na ukungu wa mafuta. Mke akarudi kwenye sinki, akaviosha upya kwa vidole vyake vilivyopasuka, na mumewe hakuinuka mezani. Kwa mke hilo lilikuwa jibu tosha.

Jumamosi moja mchana jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mcheshi aliyeuza viatu, alipanda ngazi akabisha hodi.

"Fundi, nisamehe," alisema, "lakini mashine yenu hiyo! Inalia kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Dari langu lote linaimba. Najua kinyozi hajinyoi, lakini jamani, hata kichwa kikiota msitu?"

Mashine ilikuwa ikifanya kazi wakati uleule. Sikio aligeuka kuitazama. Akaisogelea, akaweka kiganja juu ya mlango wake.

"Inalia?" aliuliza. "Sasa hivi?"

Jirani alicheka akidhani ni utani. Mke hakucheka. Alikuwa ameuona uso wa mumewe, uso wa mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta kimehamwa.

"Jirani, tumekusikia," alisema mke. "Tutaishughulikia leo." Akamsindikiza, akafunga mlango, akaizima mashine. Kisha akaja kusimama mbele ya mumewe, uso kwa uso, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

"Baba, husikii?"

"Nasikia. Si nakusikia wewe?"

Mke akauziba mdomo wake kwa kiganja, akasema kitu. Sikio aliona macho tu. Akatikisa kichwa.

"Sawa tu," alijibu.

Mke akashusha mkono polepole. "Nimekuuliza leo ni siku gani."

Sikio alivuta kiti akakaa. Kwa muda waliisikia, au mmoja wao aliisikia, friji ikivuma pembeni.

"Tangu lini?" mke aliuliza.

"Sijui. Mwaka. Labda zaidi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba Sikio ni kiziwi? Mji mzima ungecheka."

"Mimi si mji mzima."

Sikio alishuka dukani, akarudi na mkoba wa zana na pampu mpya ya aina ileile iliyokuwa rafuni. Akachomoa waya wa umeme, akafunga bomba la maji, akayakausha kwa sponji maji yaliyobaki ndani. Wakaivuta mashine pamoja kutoka chini ya kaunta, wakailaza chali juu ya blanketi kuukuu. Mke alishika tochi. Sikio akafungua kifuniko cha chini, na pampu ikaonekana, imechuruzika kutu ubavuni.

"Mpira wa kuzuia maji uliisha kwanza," alieleza, akionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Maji yakaingia kwenye beringi, yakaila grisi. Imeteseka hii. Imelia siku nyingi sana."

"Nyingi," mke alisema.

Sikio alizipiga picha nyaya ili asizichanganye, akazichomoa, akalegeza vibano vya mipira, akaizungusha pampu hadi ikaachia. Aliushika mhimili wake kwa vidole viwili. Ulicheza kama jino la mtoto. Hilo alilihisi vizuri. Vidole vyake havikuwa vimemkimbia.

Mke akageuza mwanga wa tochi ukamwangaza yeye mwenyewe usoni. "Nina neno. Nitazame mdomo."

Sikio akamtazama.

"Mwezi uliopita, nikiwa hapo kwenye sinki, nilikuambia binti yetu anakaribia kujifungua na nataka kwenda kumuuguza. Nikasema, nikifika huko huenda nisirudi. Nikakuuliza, utasemaje?"

Sikio alijua kilichofuata kabla hajaambiwa.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, sawa tu. Ukaomba chumvi."

Aliiweka chini ile pampu mbovu.

"Binti ameshaniandalia chumba," mke aliendelea. "Sanduku liko chini ya kitanda. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi."

"Sikusikia," alisema Sikio. "Wallahi sikusikia."

"Najua. Nimejua leo. Lakini mimi nimeishi nalo mwezi mzima."

"Ningesikia ningesema usiende. Hapana. Ningesema nenda kwa binti, lakini urudi. Ningekuomba urudi."

Akaegemea bati la mashine akalia, mabega yakitikisika, mtu mzima aliyekaa sakafuni katikati ya nati zake. Mke hakumkumbatia. Uchungu wa mwaka haushushwi kwa dakika moja. Alimpa kitambaa, akasema, "Futa mikono kwanza, usije ukajitia grisi machoni."

Kisha Sikio aliupaka mpira mpya sabuni kidogo ili pampu iingie bila kuukunja, akaizungusha hadi ikakaa, akarudisha nyaya kwa kufuata picha, akafunga kifuniko. Wakaisimamisha mashine, wakafungua maji na umeme. Ilipoanza kuzunguka, mkono wake ulichukua bisibisi ndefu kwa mazoea, akaweka ncha kwenye bati na mpini nyuma ya sikio. Alihisi mtetemo kwenye mfupa wa taya, basi. Akaitoa, akampa mkewe.

"Sikiliza wewe."

Mke aliishika vibaya, akarekebishwa, akainama.

"Mvumo. Kama mtu anayeimba amefumba mdomo."

"Na nini tena?"

"Ngoja. Kama mtu anasonya. Anasonya, ananyamaza, anasonya tena."

"Wapi?"

Akaonyesha upande wa kushoto. Sikio akazima, wakailaza tena, akakuta kibano kimoja kimekaa upande, maji yanapenya uzi mwembamba. Alikikaza. Wakajaribu upya.

"Sasa?"

"Sasa kimya."

"Kimya cha kweli, au unanionea huruma?"

"Cha kweli. Nikikuonea huruma nitakuambia."

Wiki iliyofuata mke alimpeleka hospitalini kwake. Mpima masikio alimfungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akamtaka abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Sikio alikaa mle ndani muda mrefu, kidole tayari, akibonyeza mara chache mno. Aliambiwa mishipa imekufa na haitafufuka. Kifaa cha kusikia kingemsaidia, lakini ule mluzi mwembamba wa beringi asahau. Akashukuru, akatoka. Nje kwenye benchi alisema, "Mjomba amekufa kwangu mara ya pili," na mke akamshika mkono.

Wateja aliwaambia mwenyewe. Baadhi hawakurudi. Wengine walisema walikuwa wamejua tangu siku ya peni. Alizoea kupima umeme kwa mita ndogo ya mkononi na mtetemo kwa kiganja, akawa anamtaka mwenye mashine aeleze inalia vipi, na hapo akagundua watu wengi husikia vizuri, ila hawajawahi kuulizwa. Kazi zilipungua. Hakujidanganya kuhusu hilo.

Mwisho wa mwezi mke aliondoka na sanduku lake, limejaa. Alikuwa ameahidi kumuuguza binti. La kurudi hakuahidi, na Sikio hakumbana. Kila jioni walizungumza kwa simu ya video, Sikio akiikodolea macho midomo ya mkewe. Kisha alijipikia, akapanga vyombo, akaweka kiganja juu ya mlango wa mashine kuhakikisha inatetema sawasawa, akalala mapema. Mjukuu alizaliwa salama. Akafikia umri wa kukaza shingo. Ndipo asubuhi moja mke akatuma ujumbe wa maneno matatu: *Nipokee kituoni kesho.*

Jioni ile ya kurejea, Sikio alikuwa amevaa kifaa chake kipya. Kijiko kiligonga sahani kama nyundo, kiti kikakwaruza sakafu, bomba likanguruma. Akakunja uso, akakivua, akakiweka mezani.

"Kirudishe sikioni," alisema mke.

"Kila kitu kinapiga kelele."

"Na mimi ni kimojawapo. Kirudishe, babu."

Akakirudisha. Mke aliliacha sinki, akavuta kiti, akakaa mkabala naye. Akaanza na alfajiri ile binti aliposhikwa na uchungu na gari likakosekana, akaeleza yote bila kuruka, na chakula kikapoa mbele yao.